Kompyuta Niliyoiunga Kotile

Mwaka 2010, mtu wa Kotile aliyetaka barua yake ichapwe ilimbidi apande gari hadi Masalani. Akikuta mchapaji kaenda msibani au jenereta imeishiwa mafuta, alirudi nyumbani mikono mitupu, au aligeuza na kupanda hadi Garissa, zaidi ya kilomita 100 za mchanga na vumbi, na mvua ikinyesha, za tope lisilopitika. Bado tulikuwa Wilaya ya Ijara, Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Katiba mpya ilitangazwa rasmi Agosti 27 mwaka huohuo, na kaunti zilikuwa bado maneno kwenye karatasi. Fomu ya basari, barua ya kuomba kazi, orodha ya chakula cha msaada, mtihani wa majaribio wa darasa la nane: kila kitu kilitaka karatasi iliyochapwa, na nauli ya kuifuata ilizidi thamani ya karatasi yenyewe.

Abti wangu, kaka yake mama, alikuwa na duka la rejareja, na nyuma ya duka aliweka jenereta ndogo ya petroli kwa ajili ya friji ya soda. Umeme wa serikali haukuwa umetufikia. Jioni moja baada ya swala ya magharibi aliniita.

"Abti," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilohilo, "wewe umesomea kompyuta Garissa. Nikiuza madume mawili, utaniletea mashine ya kuchapa?"

"Nitaleta, abti. Inshallah."

Madume yakauzwa soko la mifugo la Garissa, nami nikapanda basi la Nairobi na fedha mfukoni. Kompyuta mpya ya dukani ilizidi bei ya madume mawili. Iliyotumika ilipatikana, lakini binamu yangu aliyekuwa chuoni Nairobi alinishauri ninunue vipande. Sababu zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni bei: ukizunguka mitaa ya Islii na Luthuli kwa subira, kila mwenye kibanda ana kitu anachotaka kukiondoa. Ya pili ni barabara. Kompyuta iliyokwisha kuungwa, alisema, ikitikiswa kutoka Garissa hadi Kotile itafika imeachia kila kilichoshikwa. Afadhali vipande visafiri kila kimoja na nguo yake, viungwe huko huko.

Nikakusanya madabodi ya soketi ya 775, prosesa ya Intel Core 2 Duo pamoja na feni yake, vipande viwili vya RAM ya DDR2, diski ya SATA, kisomeo cha DVD, pawasaplai, kasha lililotumika, na monita ya zile zenye mgongo mkubwa. Nilinunua pia UPS, ili umeme ukikatika ghafla nipate dakika chache za kuhifadhi kazi. Monita niliifunga blanketi. Kwenye kizuizi kimoja cha polisi njiani askari alifungua begi, akaona nyaya na vyuma, akauliza ni nini. Nikamjibu kuwa ni kompyuta. Akatazama tena akasema yeye haoni kompyuta. Abiria walicheka, nami nikacheka nao, ingawa moyoni nilijua kwamba kauli yake ilikuwa na ukweli.

Kuunga kwenyewe hakukunichukua muda. Niliweka kipande cha boksi juu ya meza ya duka, nikaiweka madabodi juu yake. Nilimulika soketi kwa tochi kwanza, kwa sababu aina ile ina vijipini 775 vyembamba sana, na kimoja kikipinda prosesa huweza kutosomeka. Nyuma ya pawasaplai kulikuwa na swichi nyekundu yenye namba mbili, 115 na 230. Umeme wetu wa Kenya ni volti 240, kwa hiyo swichi lazima ikae kwenye 230. Anayeisahau kwenye 115 husikia mlipuko na kunusa moshi, na hapo pawasaplai imekwisha. Nikahakikisha, nikachomeka, jenereta ikanguruma, watoto wakajaa mlangoni, nikabonyeza kitufe.

Kimya. Hata feni haikugeuka.

Mawazo yalinikimbilia kwenye lile kubwa kuliko yote: madabodi imekufa, na madume mawili yamekwenda. Abti hakuwa amewahi kugusa kompyuta, lakini alikuwa amefuga tangu utotoni, na alikuwa na namna yake ya kumwendea mnyama aliyelala chini. "Hatuanzi na sindano," alisema. "Tunauliza kwanza. Amekunywa? Amekula? Alipita wapi? Haya, yako imekunywa?"

Swali lile la mfugaji ndilo lililokuwa chuo changu cha pili cha kompyuta. Kunywa kwa mashine ni umeme. Nikaanza nje nikienda ndani. Balbu kwenye soketi ya UPS iliwaka, basi umeme ulifika pale. Swichi ya kuwashia nyuma ya pawasaplai ilikuwa imewashwa. Kwenye madabodi kitaa kidogo cha kijani kiliwaka, ishara kwamba umeme wa kungojea umeshaingia. Kwa hiyo ilikuwa imekunywa. Kilichobaki kati ya umeme na kuwaka kilikuwa kitufe.

Kitufe cha kasha hakiwashi chochote chenyewe. Hutoa nyaya mbili nyembamba zinazochomekwa kwenye pini mbili za madabodi, na kazi yake yote ni kuzigusanisha pini hizo kwa nukta moja. Basi nikaondoa nyaya, nikachukua bisibisi ndogo, nikagusa pini zote mbili kwa ncha yake. Feni zikazunguka, kasha likatetemeka, watoto wakapiga kelele. Madabodi ilikuwa hai. Kilichokufa ni springi ya kitufe cha kasha lililotumika. Dawa yake haikugharimu hata senti: nyaya za kile kitufe kidogo cha kuanzisha upya nilizihamishia kwenye pini za kuwashia. Mashine ile iliwashwa kwa kitufe hicho kidogo maisha yake yote, na wageni walikuwa wakibonyeza kile kikubwa wakidhani imeharibika.

Furaha haikudumu. Mashine ilikuwa ikiwaka, feni zinazunguka, kisha kabla hujahesabu ishirini inazima yenyewe. Ukiwasha tena, vilevile.

Ng'ambo ya mto Tana, upande wa Wapokomo, alikuwako fundi wa redio aliyejulikana pande zote mbili. Nilimtumia salamu kwa mwenye mtumbwi, naye akavuka na mita yake ya umeme ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe.

"Mdogo wangu," aliniuliza, "unashuku nini?"

"Pawasaplai, kaka. Ni ya kutumika."

"Usishuku. Pima."

Aliichomoa pawasaplai kutoka kwenye madabodi. Katika ile plagi kubwa ya nyaya 24 alitafuta waya mmoja wa kijani, akauunganisha na mmoja mweusi kwa kipande cha waya. Pawasaplai ikawaka peke yake, bila kompyuta. Ndivyo inavyoamriwa: kijani kikigusa nyeusi, huwaka. Kisha akapima, mguu mmoja wa mita kwenye nyeusi, mwingine ukihama kutoka rangi moja hadi nyingine. Manjano ilitoa volti 12, nyekundu 5, chungwa 3.3. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii haina kosa. Na ile plagi ndogo ya nyaya nne karibu na prosesa umeichomeka?" Ilikuwa imechomekwa. Wengi huiacha kwa kudhani ile kubwa inatosha, kumbe prosesa hupata umeme wake kwa ile ndogo.

Tukabakiwa na joto. Prosesa ya Intel ya wakati ule ilijizima yenyewe ilipopata moto kupita kiasi, ili isiungue, na kifaa cha kuipoza kilishikwa na miguu minne ya plastiki inayosukumwa kupita kwenye matundu ya madabodi hadi isikike ikiitikia. Tuliigeuza madabodi tukaangalia upande wa nyuma. Miguu mitatu ilikuwa imetoka na kujitanua sawasawa. Wa nne ulikuwa umekatika jino, umekaa tu ndani ya tundu lake bila kushika. Kipoza joto kilielea upande mmoja, na kati yake na prosesa kulikuwa na upenyo wa kupitisha ukucha.

Hakukuwa na mahali pa kununua mguu wa plastiki Kotile, wala Masalani. Fundi aliiondoa miguu yote minne, akapekua kopo la abti la skrubu na nati, akachagua nne ndefu zinazopita kwenye matundu yale. Kisha akaomba ndara iliyokatika. Akakata vijiduara vya mpira, akavitoboa, akaviweka kati ya nati na madabodi ili chuma kisiguse njia za umeme. Akafuta grisi iliyokauka juu ya prosesa, tukapaka mpya kidogo kama punje ya mchele, akakaza kwa kupishanisha pembe: hii kidogo, ya mkabala wake kidogo, mpaka kikalala sawa. Tulipowasha, mashine haikuzima tena. Alikataa malipo ila nauli ya mtumbwi na soda mbili.

Sasa ikaanza kulia. Mlio mrefu, ukanyamaza, mlio mrefu tena, bila mwisho, na monita giza tupu. Milio ile ni lugha: kabla picha haijapatikana, madabodi haina njia nyingine ya kusema. Kila mtengenezaji ana mpangilio wake wa milio, lakini mlio mrefu unaorudiarudia mara nyingi huelekeza kwenye RAM. Nikatoa vipande vyote viwili. Meno ya shaba ya kimoja yalikuwa yamefifia kwa uchafu wa mikono ya vibandani. Niliyasugua kwa kifutio cha penseli, nikapuliza mavumbi, nikarudisha kimoja peke yake hadi vishikizo vya pembeni vikajifunga vyenyewe. Mlio mmoja mfupi ukasikika, na kwenye kioo yakatokea maandishi meupe. Nikazima, nikaongeza cha pili. Kimya, hapana mlio mbaya. Vyote viwili vilikuwa vizima, ni uchafu tu uliokuwa ukikata mawasiliano.

Mlangoni alikuwako mzee mmoja aliyekuwa akifuatilia tangu siku ya kwanza. Aliuliza kama sasa inaweza kuchapa. Nikamwambia bado, haijawekwa programu. Akaenda zake akinung'unika kwamba ng'ombe huzaa haraka kuliko hii.

Na kweli programu ilikuwa na vituko vyake. Nilikuwa na sidii ya Windows XP. Ilianza vizuri, ikapakia mafaili, kisha ikaleta kioo cha buluu chenye maandishi mengi na kusimama. Hapo ndipo iliponifaa zawadi ya binamu: sidii ya Ubuntu, mfumo mwingine badala ya Windows. Miaka ile kampuni ya Canonical ilikuwa ikituma sidii hizo bure kwa posta popote duniani, mpaka ilipositisha mwaka 2011. Uzuri wa Ubuntu ni kwamba inawaka kutoka kwenye sidii yenyewe bila kugusa diski. Nilipoiwasha, picha ilikuja, kipanya kilikwenda, na diski yangu ilionekana na ukubwa wake wote. Katika orodha yake ya mwanzo mlikuwa pia na kipimo cha RAM. Nikakiacha kizunguke jioni nzima jenereta ikiwa imewashwa kwa ajili ya friji. Hakuna kosa hata moja lililotokea.

Jambo hilo lilinipa jibu bila kubahatisha. Vyombo vilikuwa vizima, tatizo lilikuwa kati ya XP na diski. XP ilitoka mwaka 2001, kabla diski za SATA hazijaenea, na haikuwa na programu ya kuongea nazo kwa mtindo mpya uitwao AHCI. Nikaingia kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya madabodi, kwa kubonyeza Delete mara tu mashine inapoanza, nikatafuta mpangilio wa SATA, nikabadilisha kutoka AHCI kwenda IDE, mtindo wa zamani. Nikahifadhi, nikaanza upya. XP ikaingia bila kinyongo.

Iliyofuata ilikuwa draiva. XP iliwaka ikiwa na rangi chache, haina sauti, na haitambui hata mahali pa kuchomekea mtandao. Madabodi ya kibandani haikuja na sidii yake. Draiva ziko kwenye intaneti, na bila draiva huwezi kuingia kwenye intaneti. Na hata ningeweza, mtandao wa simu uliotufikia ulikuwa wa kupigia na kutuma ujumbe, ukipatikana ukisimama mahali panapofaa. Kwa hiyo niliichukua tochi nikasoma jina na namba ya toleo la madabodi, yaliyoandikwa kwa herufi ndogo kati ya nafasi za kadi. Nikampigia binamu nikamsomea herufi moja moja. Akapakua kila kitu, akakitia kwenye flashi, flashi akaifunga bahasha, bahasha akampa dereva. Ndiyo ilikuwa intaneti yetu: basi.

Flashi ilifika, na ndani yake ilikuja na mgeni. Mafolda yote yalionekana yamegeuka njia za mkato, na ukiifungua moja, kirusi kinajinakili ndani ya mashine. Bahati njema nilikuwa nimeiwasha Ubuntu kabla ya kuichomeka, na virusi vya Windows havina nguvu humo. Nikayaona mafolda halisi yakiwa yamefichwa, nikahamisha draiva peke yake, nikafuta mengine yote. Tangu hapo sheria ya duka ikawa moja: hakuna flashi ya mteja inayochomekwa kwenye XP kabla ya kukaguliwa kwenye Ubuntu. Walimu waliona naringa. Lakini mitihani yao haikupotea.

Tukaanza kazi. Printa ndogo ilipofika, tulitoza shilingi 50 kwa ukurasa uliochapwa. Ndipo saa ilipoanza kutuaibisha. Kila asubuhi, baada ya jenereta na UPS kuzimwa usiku, mashine iliamka ikidhani ni Januari 1, 2002. Kijana mmoja alikuja kuchapisha barua ya kuomba kazi ya askari wa wanyamapori katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, jirani zetu, wanakolindwa hirola, swala adimu ambaye asili yake ni eneo hili la mpaka wetu na Somalia. Barua ilijiandikia tarehe yenyewe. Alirudi nayo akicheka: alikuwa ameomba kazi kabla hifadhi yenyewe haijaundwa, naye akiwa bado anachunga ndama. Ugonjwa ulikuwa betri bapa ya volti 3, CR2032, inayokaa kwenye madabodi na kuiwekea saa na mipangilio yake kumbukumbu wakati umeme haupo. Ikiisha, hata ile AHCI na IDE husahaulika, na XP hugoma tena asubuhi bila sababu inayoonekana. Betri hiyo ilitoka Garissa, tena kwa dereva, na tatizo likaisha.

Kubwa kuliko hayo yote lilikuwa jenereta. UPS ilikuwa ikilia mfululizo na kutumia betri yake hata jenereta ikiwa inanguruma, mpaka betri inaisha na kila kitu kinazima. Niliona ajabu: umeme upo, balbu inawaka, friji inapoza, UPS inaukataa. Fundi wa ng'ambo alivuka tena na mita yake. Volti zilikuwa sawa. Kilichokuwa si sawa ni mwendo. Umeme wa Kenya huzunguka mara 50 kwa sekunde, na jenereta ndogo isiyo na mzigo hukimbia kupita hapo. Friji ikijizima, jenereta hupata wepesi, hukimbia, na UPS huona umeme wa kigeni. Tulifanya mambo mawili. Fundi alipunguza kidogo skrubu ya mwendo wa injini, na mimi nikaweka balbu mbili za kudumu ili jenereta isiwahi kukosa mzigo. UPS ikatulia. Baadaye abti alipoweka sola na betri ya gari, tulijifunza upya: inveta ya bei rahisi hutoa umeme wenye pembe, na UPS nayo iliukataa. Hapo tuliitoa UPS katikati kabisa, kwa kuwa betri ya sola ilikuwa ikifanya kazi hiyohiyo.

Lililobaki ni vumbi na joto, na haya hayana mwisho mahali kama kwetu. Mwezi wa pili na wa tatu, jua likiwa kali na bati limepata moto, mashine ilijizima saa nane mchana na kukubali kuwaka baada ya alasiri. BIOS huonyesha joto la prosesa, hivyo sikuwa na haja ya kukisia. Nilifungua kasha nikakuta mapezi ya kipoza joto yamefungwa na vumbi lililoshikamana likawa nguo. Tuliipuliza kwa pampu ya baiskeli, nje ya duka, huku nimeizuia feni isizunguke kwa kijiti, maana feni ikizungushwa kwa upepo wa nguvu huweza kuzalisha umeme na kuumiza madabodi. Kasha likahamishwa kutoka sakafuni hadi juu ya kreti ya soda, mbali na ukuta wa jua, na likafunikwa kitambaa likiwa limezimwa tu. Siku za joto kali kazi tuliifanya asubuhi na usiku.

Mwaka 2011 ukaja na ukame ulioua mifugo Kaskazini Mashariki nzima, na kazi kubwa ya mashine ile ikawa orodha za majina ya kaya. Oktoba mwaka huo jeshi la Kenya liliingia Somalia, na barabara zetu zikawa za hofu. Kulikuwa na majuma ambayo basi halikuja, na bila basi hakuna wino, hakuna spea, hakuna flashi. Hapo ndipo daftari langu lilipoonyesha faida. Tangu siku ya kitufe nilikuwa nikiandika kila hitilafu: imefanya nini, nimegusa nini, ikabadilika nini. Vijana wawili waliokuwa wakisaidia dukani walilisoma daftari hilo kama somo, na mashine ilipogoma mimi nikiwa Garissa, waliitengeneza wenyewe.

Aprili 8, 2014 Microsoft iliacha kuihudumia XP. Tuliweka Ubuntu moja kwa moja, na wateja hawakuona tofauti ila rangi. Mashine ilichapa mpaka diski ikachoka. Abti alipiga hesabu akasema madume mawili yamerudi na watoto wao. Desemba 2019 ulizinduliwa Garissa mtambo wa sola wa megawati 50, na vijana wa leo wana kompyuta za mapajani na simu zinazofanya zaidi ya zile tulizozitamani. Lakini bado wako wanaounga mashine zao wenyewe, kwa michezo au kwa kazi za picha, na huniletea malalamiko yaleyale: haiwaki, inazima, inalia, haioni diski.

Kwao nina neno moja refu. Usikimbilie kununua. Katika yote niliyoyasimulia, kilichonunuliwa ili kuiponya mashine ni betri moja ya saa; skrubu zilitoka kwenye kopo la abti. Toa madabodi nje ya kasha, ilaze juu ya boksi kavu, bakisha prosesa, feni yake, kipande kimoja cha RAM, pawasaplai na monita, kisha iwashe kwa bisibisi. Ikiwaka, rudisha kitu kimoja, uwashe tena, urudishe kingine. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo na mashine ikapona, hutajua ni kipi kilichoiponya, na siku ikigoma tena utaanza upya. Pima umeme kabla ya kulaumu chombo. Sikiliza milio. Soma jina la madabodi yako na uliandike mahali usipolipoteza. Na kabla hujaitangaza kuwa imekufa, mwite mwenye mita.